Bomba jeusi la maji linaokoa mkono wa nyuma wa pikipiki

Madereva wengi wa bodaboda hapa Moshi wanaopanda Kibosho na Marangu hupunguza sproketi ya mbele (gurudumu dogo la meno linalovuta cheni), tuseme kutoka meno 15 hadi 13, ili pikipiki ivute mlimani. Inavuta kweli. Ila sproketi ndogo inashusha cheni, nayo inaanza kusaga mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, pale karibu na injini. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa. Piga tochi: ukiona mstari unaong'aa kwenye rangi ya mkono, chuma kimeanza kuliwa.

Chukua kipande cha bomba jeusi la plastiki, lile gumu la maji. Lipasue kwa urefu, lilainishe kwa maji ya moto, livalishe juu ya mkono. Toboa matundu kwenye kingo zake mbili, pitisha nailoni za kufungia nyaya kwa chini na ukaze huko huko, ili juu cheni isikute kitu. Usitoboe chuma. Plastiki hiyo ni ngumu na inateleza, kwa hiyo inalika yenyewe polepole. Usitumie mpira wa tairi, maana unang'ang'ania cheni.

Kaza cheni kwanza, na upime ulegevu wake mtu akiwa amekaa juu. Cheni iliyolegea italitafuna bomba upesi. Ikiwa inasugua kwa ubavu, huenda gurudumu la nyuma halijanyooka, na bomba halitasaidia. Chuma kikishachimbika sana, mwone fundi kabla ya kukifunika, maana ufa utajificha humo.