Somo: Kukagua 4x4 ya zamani kabla ya kununua, ukianzia chini

Muuzaji wa 4x4 yenye umri wa miaka 20 au 30 huosha bodi, hupaka bampa rangi na kung'arisha tairi. Mnunuzi naye hufungua mlango, husikiliza injini, huendesha kidogo na kuanza kupatana bei. Chasisi, ekseli ya mbele na mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne hakuna aliyevigusa, na huko ndiko pesa nyingi zitakakokwenda. Nawaomba mgeuze utaratibu. Injini ikifa hubadilishwa, gia boksi vilevile. Chasisi ikioza, gari limekwisha.

Hatua ya 1: Jua ni mfumo gani unaoukagua

Ziko 4x4 zinazovuta kwa nyuma tu siku zote, mbele ukiiunga mwenyewe kwa lever: Suzuki Jimny nyingi na Land Cruiser 70 nyingi ziko hivyo. Ziko zinazovuta kote muda wote kwa kuwa zina difu (gia zinazoyaacha magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti) ya tatu katikati, kama Range Rover tangu 1970, Land Rover Discovery na Land Cruiser 80 nyingi. Mitsubishi Pajero za kizazi cha pili, zenye mfumo wa Super Select, zinakupa yote mawili. Usipojua hili kabla ya kwenda, hutajua ujaribu nini.

Mpigie muuzaji umwombe asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna jambo hakutaka ulione. Subiri ipoe au rudi siku nyingine.

Hatua ya 2: Ingia chini

Tumia shimo la fundi au stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Chukua tochi na nyundo ndogo. Chasisi ya 4x4 nyingi za zamani ni mihimili miwili yenye uwazi ndani, na kutu huanzia humo ndani, mahali tope lilipokaa baada ya matundu ya kutolea maji kuziba. Kwa hiyo nje panaweza kuonekana pazuri huku ndani pamekwisha. Gonga taratibu kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia kwa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, na wakati mwingine vipande vya kutu huanguka. Kaa zaidi sehemu ya juu ya ekseli ya nyuma, penye vishikio vya springi na shokapu, na kwenye mhimili wa kukingama unaobeba gia boksi.

Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi mpya, nene, gari zima likiwa kuukuu, uliza sababu na ugonge mara mbili zaidi. Tafuta pia viraka vya kuchomelea. Kisha pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Vipimo vikipishana waziwazi, chasisi au ekseli iliwahi kugongwa.

Hatua ya 3: Ekseli, difu na propela

Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 80, angalia nyuma ya magurudumu ya mbele. Kuna kibofu cha chuma cha mviringo kinachofunika jointi. Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huvuja na kuchanganyika na grisi, na utaona uji mweusi ukitiririka kuelekea kwenye rimu. Kazi hiyo inafanyika, ila ni ya siku nzima na vifaa vyake, basi itoe kwenye bei. Kwenye gari ambalo kila gurudumu la mbele linajitegemea, kagua buti za mpira za shafti. Buti iliyopasuka siku nyingi ina maana jointi imekula mchanga.

Inua gurudumu la mbele. Lishike juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi, bolijointi au kingpini. Lishike kulia na kushoto: likicheza hapo tu, anza na tairodi.

Omba kufungua nati ya kujazia oili ya difu na uchovye kidole. Oili nyeusi ni uzembe wa matunzo, na inabadilishwa. Yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Ekseli yenye moto ikizama mtoni, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa ghafla. Kibomba cha kupumulia kikiwa kimeziba, difu huvuta maji kupitia kwenye sili. Gari kama hilo limevuka maji mengi, kwa hiyo kagua difu zote na transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma). Unga laini wa kijivu ndani ya oili ni wa kawaida. Chembe za chuma unazoweza kuzihesabu kwa macho si za kawaida.

Shika propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) uizungushe kwa nguvu huku na huku. Krosi, yaani jointi ya kwenye ncha yake, ikicheza, hata kidogo, imekwisha.

Hatua ya 4: Injini ya baridi

Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa. Maji yawe safi na yenye rangi ya kuleti (dawa ya kupozea injini). Kutu ni dalili ya miaka mingi ya maji ya bomba. Utando wa oili ni dalili mbaya zaidi. Washa kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu, lakini yakiendelea kutoka bila kukoma, gesi ya silinda inapenya kwenye maji kupitia gasketi au ufa wa silinda hedi. Kwa injini ya Toyota 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 yenye tabo iliyomo kwenye Prado 90 na Hilux Surf, usiruke kipimo hiki hata ukiwa na haraka. Hedi yake inajulikana kwa kupasuka gari likichemsha.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto ni maji au noseli mbovu. Mweusi mwingi ni dizeli iliyozidi au hewa haba. Injini ikipata moto, legeza kifuniko cha kujazia oili: dizeli ikipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka.

1KZ-TE na 1HZ (dizeli ya Land Cruiser 70 na 80 nyingi) zote zinatumia taimingi belti. Bila ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba zamu yake imefika, maana ikikatika vali na pistoni hugongana.

Hatua ya 5: Unga magurudumu manne

Hapa ndipo wengi hawafiki. Nenda kwenye udongo au changarawe. Usijaribu kwenye lami kavu, kwa sababu bila difu ya katikati mfumo hujikaza na kuumia.

Kama gari lina habu za mkono (vifungio vya kuzungusha katikati ya magurudumu ya mbele), zifunge. Weka 4H (magurudumu manne, mwendo wa kawaida) na ukate kona kali polepole. Gari linapaswa kugoma kidogo, kama linashikwa breki. Rudi 2H (nyuma tu), kona ileile: liteleze kwa wepesi. Usiposikia tofauti, mbele haivuti, hata kama taa ya dashibodi inawaka. Kwa gari linalovuta kote muda wote, funga difu ya katikati na utafute mgomo uleule.

Simama, weka nyutro, ingiza 4L (magurudumu manne, gia nzito). Gari litembee taratibu kwa nguvu, na ukiachia mafuta lijizuie lenyewe. Sikiliza mlio wa tik-tik ukikata kona hadi mwisho. Ni jointi za mbele. Lever ikigoma kutoka, rudi nyuma mita chache. Ikiwa bado ngumu, haijaguswa miaka mingi.

Hatua ya 6: Tairi na nyaraka

Tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilizolika sawa. Zikitofautiana, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika. Namba iliyogongwa kwenye chasisi ifanane na ya kwenye kadi. Ikiwa imesuguliwa au imechomelewa, acha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kilometa zinasoma 140,000 kwenye gari la mwaka 1996. Niamini?*
Angalia raba za pedali, ukingo wa kiti cha dereva na usukani. Vikiwa vimelika hadi kung'aa, usiamini. Kwa umri huo mimi naitazama hali ya gari tu, namba siipi uzito.

*Chini ya gia boksi kumelowa oili ila haidondoki. Ni tatizo?*
Huo ni jasho, gari la umri huo litakuwa nalo. Safisha, endesha nusu saa, tazama tena. Tone likishajiunda, sili ibadilishwe.

*Taa za 4x4 kwenye Pajero zinawaka na kuzima. Muuzaji anasema ni waya tu.*
Inawezekana ni kweli, maana swichi na vali za vakumu huleta hilo. Lakini fanya jaribio la kona, dada. Mbele ikivuta, punguza bei kwa kazi ndogo. Isipovuta, hesabu kazi kubwa.

*Gari limeinuliwa na kuvikwa tairi kubwa. Linavutia, nilichukue?*
Tairi kubwa hubebesha jointi, beringi na breki mzigo zaidi, na kuinua hubadilisha pembe za propela. Liendeshe kwenye mwendo wa barabara kuu. Usukani ukitetemeka au propela ikinguruma, aliyeliinua aliishia nusu ya kazi.

*Muuzaji amekataa fundi wangu asiingie chini. Anasema gari halina shida.*
Mshukuru, uondoke.