Memori kadi ni kapu, siyo ghala

Desemba, shule zikifungwa na watu wakiwa na hela za korosho, silali nyumbani Mikindani, napiga picha. Leo harusi Mtwara mjini, kesho Tandahimba wanatoa wali wa unyago, keshokutwa Newala. Katika mizunguko hiyo nilipoteza picha za bibi mmoja aliyecheza ngoma siku mjukuu wake anatolewa. Nilizifuta nikidhani nimeshazinakili, kisha nikapiga harusi nzima kwenye kadi ileile. Mvua hazijakatika, bibi akafariki. Wanawe walipokuja kuomba picha sikuwa na hata moja. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayafuata kila siku.

Nunua kadi ya GB 32 yenye alama ya SDHC. Zinazozidi GB 32 zina alama ya SDXC, na mashine za zamani za studio huenda zisizisome kabisa. Ukiona kadi ya GB 512 inauzwa kwa bei ya nauli ya bodaboda, iache. Kadi feki hujitangazia nafasi isiyokuwa nayo, na picha zinazozidi uwezo wake wa kweli zinaharibika bila wewe kuambiwa. Kadi mpya naijaza video zisizo na maana mpaka itosheke, nahamishia kompyuta, nafungua zile za mwisho. Zikicheza, naifomati (naifuta yote na kuiandaa upya) ndani ya kamera, kisha ndiyo naipeleka kazini. Ukiwa ufukweni Msimbati usibadilishe kadi upepo ukivuma: mchanga na chumvi haviachi kitu salama. Kadi isiyotumika ikae kwenye kiboksi chake.

Jioni, hata nikiwa hoi, naingiza kadi kwenye kompyuta na kufungua folda ya DCIM, ambamo kamera huweka picha. Nakili, usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati, zile za kwenye kadi bado zipo. Hesabu: kama kadi ina picha 412, kompyuta nayo iwe na 412. Fungua chache za mwanzo, za kati na za mwisho. Nakala ya pili naiweka kwenye diski ya nje inayokaa kwa dada yangu Lindi, maana mwizi au moto havichagui kompyuta peke yake. Nakala mbili zikitimia ndipo nafomati kadi.

Ukifuta kwa bahati mbaya, acha kupiga saa hiyohiyo na utoe kadi. Kamera haijaisugua picha, imeandika tu kwamba nafasi ile iko wazi. Picha mpya ndizo zitakazoifunika. Programu ya bure iitwayo PhotoRec mara nyingi huzirudisha. Mimi ningelijua hili, wale watoto wangekuwa na picha ya mama yao.

Siku ya kwenda kusafisha picha, peleka nakala, usipeleke kadi yenye picha pekee. Kompyuta za studio huchomekwa kadi na fleshi za watu wengi, virusi havikosekani. Kadi kubwa ina kitufe kidogo ubavuni, na adapta ya kadi ndogo ya simu inacho pia. Kisukume upande wa LOCK (kufuli) ili kompyuta isome bila kuandika.

Picha ya inchi 4 kwa 6 itoke safi inahitaji pikseli (vitone vinavyounda picha) 1,200 kwa 1,800 hivi. A4 inataka kama 2,480 kwa 3,508. Picha uliyotumiwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, basi mwambie mwenye nayo aitume kama dokumenti. Na picha ya simu kwa kawaida ina umbo la 4 kwa 3, haliendani na karatasi ya 4 kwa 6, kwa hiyo mashine hukata juu na chini kama picha imelala, au pembeni kama imesimama. Nimeona mwali aliyepambwa tangu alfajiri ametoka bila kilemba. Ikate mwenyewe kabla, au mwombe fundi aache ukingo mweupe.

Zikitoka, jina la mwali, kijiji na mwaka yaandike kwenye bahasha kabla hujazitia. Nyuma ya picha usiandike kwa peni: wino huchelewa kukauka na kuhamia kwenye uso wa picha iliyo chini yake.