Kabla hamjavunja uchumba kisa "ukoo wao una wazimu", jifunzeni kusoma tafiti za mapacha

Huku kwetu Dodoma mtu akikasirika kidogo tu utasikia "huyo mpelekeni Mirembe", na kwa vile hospitali yenyewe ya wagonjwa wa akili tunayo hapa hapa mjini, ipo tangu 1927, kila mtaa unajua nani aliwahi kulazwa. Inakuwa nzito zaidi posa ikifika. Wazee wanamtuma mshenga achunguze ukoo, anarudi na habari kwamba mjomba wa binti alikuwa anaongea peke yake, alafu anatokea kijana wa chuo anadakia kwamba hata sayansi imethibitisha, tafiti za mapacha zinasema skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, inarithiwa asilimia 80. Basi, imeisha hiyo. Mimi hili linaniuma sana, maana namba yenyewe ni ya kweli kabisa ila haisemi kile watu wanachodhani inasema.

Anza na kujua ni mapacha gani wanaozungumziwa. Kuna Kulwa na Doto wa yai moja lililogawanyika, hawa jeni zao, yaani vinasaba, ni zilezile. Alafu kuna wa mayai mawili, hawa wamepishana jeni kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja, tofauti ni kwamba walibebwa pamoja. Mmoja wa kike mwingine wa kiume? Hao ni mayai mawili. Ila ukiambiwa "walikuja na kondo mbili kwahiyo si yai moja" usikubali haraka, maana karibu theluthi ya mapacha wa yai moja kila mtu anakuja na kondo lake, na kipimo cha uhakika ni DNA tu.

Sasa ujanja wa watafiti uko hapa: mapacha wa aina zote mbili wanakulia nyumba moja, ugali na mlenda uleule, mama yuleyule anawafokea. Kwahiyo wale wa yai moja wakifanana kitabia kuliko wale wa mayai mawili, ile ziada ndiyo inapelekwa kwenye jeni. Wapo wanaopinga wakisema wa yai moja wanavalishwa sare, wanachanganywa majina, yaani wanalelewa kwa kufananishwa zaidi, na ni hoja ya kusikilizwa, japo watafiti walipoangalia mapacha ambao wazazi wao walikosea kujua ni wa aina gani, matokeo hayakubadilika sana.

Hesabu yake unaweza kuipiga kwenye simu. Tuseme utafiti umepima wasiwasi, ukakuta namba ya kufanana (0 ni hawafanani kabisa, 1 ni sawasawa) kwa wa yai moja ni 0.7 na kwa wa mayai mawili ni 0.4 (hizi ni za mfano). Toa, unabaki na 0.3, zidisha kwa 2 unapata 0.6, hiyo ndiyo asilimia 60 ya jeni. Ukitoa 0.6 kwenye 0.7 inabaki 0.1, hiyo ni ya nyumba waliyokulia pamoja. Ile 0.3 inayobaki kufika 1 ni ya mambo yaliyompata kila mmoja kivyake, pamoja na makosa ya vipimo.

Hapa sasa ndipo watu wanapotea, naomba usome taratibu. Asilimia 60 haimaanishi kwamba wewe utaupata kwa asilimia 60. Inazungumzia kundi zima, kwamba tofauti zilizopo kati ya watu wa kundi lile kiasi gani zinaendana na tofauti za jeni. Chukua utafiti wa Denmark wa 2018, jozi zaidi ya elfu 31 za mapacha. Walipata mchango wa jeni kwenye skizofrenia asilimia 79. Utafiti huohuo ukaonyesha pacha wa yai moja akiugua, mwenzake anaugua kwa asilimia 33, na kwa wa mayai mawili asilimia 7. Yaani mtu mwenye jeni zilezile za mgonjwa, na bado mara nyingi zaidi haugui! (Usijaribu kutoa 7 kwenye 33 ukazidisha kwa 2, haitakupa 79, magonjwa ya ndiyo au hapana yana hesabu nyingine.)

Kwahiyo ukitajiwa namba, uliza: hiyo ni ya kundi au ni hatari ya mtu? Hatari ya mtu kwa skizofrenia ni kama 1 kati ya 100 kwa watu wa kawaida, kama 10 hivi mzazi mmoja akiwa mgonjwa, na kwa yule binti ambaye mjomba wake ndiye aliumwa makadirio ni 3 au 4. Mshenga apewe hizi.

Uliza pia ni mapacha wa wapi. Tafiti nyingi zinatoka Ulaya na Marekani. Urefu wa mwili huko jeni zinachangia kama asilimia 80, lakini mtoto wa Chamwino au Bahi aliyekua miaka ya njaa atadumaa hata kama baba yake ni mrefu, na akilishwa vizuri mapema atarefuka. Na ugonjwa nao uliza ni upi, sonona (ile huzuni nzito isiyoisha) kwa mfano imekadiriwa asilimia 37 tu, iko mbali na skizofrenia.

Na kama kwenu mgonjwa yupo, vijana wa ukoo huo wakae mbali na bangi, hasa kabla hawajakomaa, kwa sababu inaongeza hatari na hiyo mnaweza kuizuia. Mkiona kijana anajitenga, halali, anasikia sauti, msimalize miezi kwa mganga kwanza. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili mapema, mkiwa mmeandika nani kwenye ukoo aliugua, alianza na umri gani, na dawa gani ilimsaidia, maana daktari atauliza hayo yote.