Kugawa mzinga uliojaa: nyuki wachanga ndio roho ya kundi jipya

Mzinga ukijaa, nyuki hugawana wenyewe. Malkia wa zamani huondoka na vibarua (nyuki wafanyao kazi) wengi, mara nyingi zaidi ya nusu, nao huondoka wameshiba asali. Mfugaji akiwahi kuugawa, hubaki na makundi mawili. Akichelewa, hubaki na kundi moja lililopungua, na jingine limekwisha kwenda zake.

Nyuki kujazana mlangoni jioni si ushahidi wa kutosha, kwani huenda ni joto tu. Fungua mzinga. Ukikuta nyuki wamefunika fremu zote (mbao zinazoshika masega) hadi za pembeni, na mbochi (maji matamu ya maua) imejazwa kwenye vitundu ambavyo malkia alipaswa kutagia, basi nafasi imekwisha. Kisha inua sega na utazame ukingo wake wa chini. Vikombe vya malkia, yaani vyumba vya kulelea malkia mpya, vikiwa vikavu visikutie hofu, maana nyuki huvijenga na kuviacha. Kikombe chenye yai, au jana (funza wa nyuki) lililolala juu ya maziwa meupe, ni habari nyingine: kundi linajiandaa kuhama, na vikombe hivyo vikishazibwa malkia wa zamani huondoka wakati wowote hali ya hewa ikiruhusu.

Gawa wakati maua yapo na madume wapo. Malkia mpya hupandwa na madume wengi akiwa angani, na akikosa madume waliokomaa atataga mayai yasiyorutubishwa, yanayozaa madume matupu. Dume huchukua siku 24 tangu yai hadi kutoka kitunduni, kisha huhitaji karibu wiki mbili nyingine ndipo aweze kupanda. Kwa hiyo usigawe kabla hujaona madume wakitembea juu ya masega, na majana yao yamezibwa kwa vifuniko vilivyotuna. Sina imani na mgawanyo unaofanywa nje ya msimu, hata mzinga uwe na nguvu namna gani.

Fanya kazi kukiwa na mwanga wa kutosha, jua likiwa nyuma ya bega lako ili liingie hadi chini ya vitundu. Yai ni dogo na jeupe, limesimama kama kipande cha uzi. Usipoliona, usibahatishe, kwa sababu kundi lisilo na malkia haliwezi kujitengenezea mwingine bila mayai au majana yasiyozidi umri wa siku tatu. Yaliyo machanga zaidi ndiyo hutoa malkia bora.

Mzinga mpya uupe fremu moja yenye mayai na majana machanga, mbili za majana yaliyozibwa, na moja au mbili zenye asali na chavua. Majana yaliyozibwa hayahitaji tena kulishwa, na yakitoka huongeza vibarua kwa haraka. Malkia hubaki mzinga wa zamani, basi bila kuwa na hakika alipo, usihamishe fremu yoyote.

Kuna njia nzuri kwa asiyemwona malkia, mradi mzinga wake uwe wa maboksi. Kung'uta nyuki wote kutoka kwenye fremu za majana waangukie boksi la chini, weka kizuizi cha malkia (wavu wa matundu membamba) juu yake, kisha weka fremu hizo kwenye boksi la juu. Nyuki walezi watapanda kuyafuata majana, ila malkia hatapita. Kesho yake boksi la juu lina majana na walezi wake, na malkia yuko chini, hata kama hukumwona.

Mizinga mingi mipya hufa kwa sababu ya idadi. Nyuki wanaokwenda machungani wanaijua njia ya nyumbani, nao hurudi mahali pa zamani. Mzinga uliohamishiwa hatua chache tu huwapoteza karibu wote ndani ya siku moja. Wanaobaki ni wachanga ambao hawajaanza kuruka, na hao ndio wanaoyatia joto majana na kumlea malkia. Basi kung'uta humo walezi wa fremu mbili tatu zaidi, kutoka kwenye masega yenye majana wazi. Ukiweza kuupeleka mzinga mpya umbali wa zaidi ya kilomita 3, tatizo hilo hupungua sana.

Punguza mlango ubaki upana wa kidole, maana kundi dogo haliwezi kujilinda dhidi ya nyuki wezi. Tenga nafasi tupu kwa ubao, kwani masega yasiyo na walinzi hualika nondo wa nta. Ulishe ndani ya mzinga kwa sukari na maji kwa uzito sawa, jioni, bila kudondosha hata tone nje.

Baada ya siku 4 au 5 tazama kama vyumba vya malkia vimeanza kujengwa. Kama hakuna, ongeza fremu nyingine yenye mayai. Kama vipo, rudisha fremu polepole bila kuitikisa, ufunge, na uache. Malkia hutoka siku ya 16 tangu yai kutagwa, hukomaa kwa takriban wiki moja, huruka kupandwa siku zenye hali nzuri, kisha hupitisha siku chache ndipo atage. Hesabu wiki 4 tangu kugawa. Kufungua katikati ya kipindi hicho kunaweza kukupotezea malkia mchanga, naye huna wa kumfidia.

Wiki ya nne tafuta mayai kabla ya kumtafuta malkia. Yai moja katikati ya kila kitundu ni dalili njema. Ukiona mayai kadhaa katika kitundu kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, vibarua wameanza kutaga. Kundi hilo ni vigumu kuliokoa, nami ningeliunganisha na mzinga wenye malkia mwenye nguvu: tandaza karatasi ya gazeti kati ya maboksi mawili na uitoboe matundu madogo, harufu zichanganyike taratibu wakati wakiitafuna.

Mzinga uliofaulu uongezewe fremu moja moja kadiri nyuki wanavyofunika zilizopo. Asali ya msimu huo waachie wenyewe.