Kuhoji kina mama kwa ajili ya tasnifu: neno lililonipotezea wiki mbili

Mtoto wa ami yangu anasoma masta, utafiti wake ni kuhusu kina mama wanaolea huku wakihangaikia riziki hapa Mombasa. Juzi kanionesha maswali yake na mahojiano ya mwanzo nikacheka peke yangu, manake kosa ni lile lile nililofanya mie miaka ile nikihoji Likoni na Kisauni. Basi nimemuandikia hizi hatua, na wewe chukua.

1. Vibali. Barua ya chuo, kamati ya maadili, halafu NACOSTI, ile tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kwa mpangilio huo huo. Mtaani pitia kwa chifu. Subra tu.

2. Nadharia. Shika moja usirundike. Mie napenda tofauti aliyoiweka Adrienne Rich, mwandishi wa Marekani, mwaka 1976: kuna umama kama taasisi, yaani zile sheria na matarajio ya jamii, na kuna umama anaouishi mama mwenyewe. Huku kwetu yaonekana mchana kweupe. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mwajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, lakini anayeuza mahamri mlangoni mwajiri wake nani? Likizo yake ni arobaini, zile siku arobaini baada ya kujifungua, na hio arobaini nayo inategemea kama kuna mtu wa kumkanda mwili na kumpikia.

3. Maswali. Hapa ndo nilipoungua. Niliyaandika kwa Kiingereza, supavaiza akapitisha, nikayatafsiri usiku mmoja nikajiona hodari. Swali la kwanza likawa "nieleze uzoefu wako kama mama." Mama wa kwanza, Mtongwe, akaniangalia vizuri akasema uzoefu wake ni miaka sita, na kuna watoto wa watu pia ashawahi kulea Nyali. Kumbe kanidhania natafuta yaya! Uzoefu kwa masikio ya watu ni kile unachoulizwa ukiomba kazi. Waliofuata wakanijibu "Alhamdulillah, twashukuru," kimya. Wiki mbili, mahojiano manne, hakuna kitu ndani.

Basi futa hilo neno kabisa. Uliza siku: "Jana uliamka saa ngapi, ukaanza na nini?" halafu nyamaza, nyamaza kweli, usimjazie maneno. Ukifika kwenye uzazi uliza "ulipojifungua huyu wa mwisho nani alikaa nawe?" na hapo watatoka wote, mavyaa (mama mkwe), mume, pesa, hospitali, bila wewe kuwataja. Ukiwa Mji wa Kale unaweza kuuliza "nani alikukanda" ukaeleweka, lakini Changamwe ukikutana na mama wa bara atakushangaa, kwa hivo sema "nani alikusaidia". Neno "mzazi" nalo liangalie, pwani ni pia yule aliyetoka kujifungua sasa hivi, na kwa wengine ni baba au mama yeyote, utachanganya majibu. Na "changamoto" usiliguse! Watu washahojiwa na mashirika mpaka wana orodha tayari, karo, kodi ya nyumba, maji, utaipata hio hio kila nyumba.

Lingine, usiulize "una watoto wangapi" kwa haraka. Kuna anayewahesabu waliofariki na kuna asiyewahesabu, na hapo ndipo sauti hubadilika. Mie sasa nauliza "umejaaliwa kuzaa mara ngapi?" kisha "na ulio nao hapa ni wangapi?" nikiwa tayari kuzima rekoda. Ukizima usiiwashe mpaka aseme yeye.

Ukimaliza yajaribu kwa mama wawili unaowajua ambao hutawaingiza kwenye utafiti. Khalati yangu aliniambia swali langu la tatu ni la polisi, na kweli lilikuwa la polisi.

4. Kukaa naye. Nenda baada ya Adhuhuri, chakula kishaiva na watoto wako madrasa. Mavyaa akija kuketi usimfukuze, muhoji yeye kwanza kuhusu enzi zake za kuzaa, mara nyingi akishasema lake huinuka mwenyewe. Asipoinuka kunywa chai urudi siku nyingine, manake mbele yake utaambiwa kila kitu ni kheri. Ridhaa ieleze kwa mdomo, kuna wanaoiogopa sahihi kwa sababu walitia sahihi ya mkopo wa kikundi ikawatoa jasho, hivo tangu mwanzo omba kamati ikuruhusu ridhaa ya sauti.

5. Kuandika rekodi. Tumia oTranscribe, programu ya mtandaoni ya kusikilizia huku ukiandika, bure, kitufe cha Esc kinasimamisha sauti. Andika usiku huo huo. Usitafsiri! Akisema "nalikuwa nalia" iache hivo. Majina badilisha, sheria ya kulinda data ya 2019 si mchezo.

6. Uchambuzi. Tumia Taguette, programu ya kubandika lebo kwenye vipande vya mahojiano, nayo bure, hizo za kulipia waachie wenye ruzuku. Weka lebo kwa Kiswahili, tena kwa maneno yao. Huyu mtoto wa ami alikuwa kaandika "msongo wa mawazo" kila mahali, nikamwambia rudi usome, hakuna hata mmoja aliyesema hivo, wote wamesema "nilijikaza". Na kujikaza si msongo. Karudi kaanza upya kuweka lebo, yuko mahojiano ya tatu saa hii.