Kabari Inaposimama Ndani ya Gogo: Kutafuta Hitilafu ya Haidroliki katika Mashine ya Kupasua Kuni

Mashine ya petroli ya kupasua kuni inapoanza kushindwa na magogo iliyokuwa ikiyapasua bila shida, wenye mashine wengi hukimbilia kununua pampu mpya ya haidroliki, ile inayosukuma mafuta yanayoisogeza kabari, ilhali pampu ni kifaa cha bei kubwa na mara nyingi haina kosa lolote. Kabla ya kufungua hata nati moja, weka gogo gumu, kwa mfano la mkaratusi uliokauka, sukuma mkono wa vali, na usikilize injini wakati kabari inapoligusa. Sauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia.

Usalama hautakiwi kuharakishwa hapa. Mafuta ya haidroliki yanayotoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano, yakiwa na shinikizo la paundi 2,500 kwa inchi ya mraba, hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha lake huonekana dogo kiasi kwamba mtu anaweza kulipuuza hadi kidole au mkono mzima unapoharibika. Kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kupapasa mipira ya kupitishia mafuta. Pitisha kipande cha katoni ukiwa mbali kidogo, uone kama kitalowa. Mafuta yakikupenya, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huhisi maumivu, na umweleze daktari wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo. Kila unapotaka kufungua kiungo, zima injini, chomoa waya wa plagi, kisha peleka mkono wa vali mbele na nyuma mara kadhaa ili shinikizo lililobaki litoke.

Ikiwa injini inanguruma vizuri lakini kabari haisogei kabisa, angalia kwanza kiwango cha mafuta, kabari ikiwa imerudi nyuma hadi mwisho, kwa sababu ukipima ikiwa mbele sehemu ya mafuta huwa imo ndani ya silinda inayosukuma kabari na utajaza tenki kupita kiasi. Mafuta yakiwa ya kutosha, chunguza kaplingi inayounganisha injini na pampu: mpira wake wa katikati huchanika, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kaplingi kwenye shafti hukatika, hivyo injini ikazunguka peke yake.

Kabari ikienda kwa kushtukashtuka, pampu ikipiga kelele kali na mafuta yakatoa povu, hewa inaingia upande wa kufyonza, yaani kati ya tenki na pampu. Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba kiungo chenye kasoro upande huo kinaweza kisidondoshe mafuta hata tone moja wakati mashine inafanya kazi, kwa kuwa pampu inavuta kuelekea ndani. Paka grisi kuzunguka kila kiungo cha mpira wa kufyonza, injini ikiwa inazunguka; kelele ikibadilika, umekipata. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, yatie kidogo kwenye chupa angavu na uyaache yatulie: yenye hewa husafika, yenye maji hubaki na ukungu, na hayo ya pili ni ya kumwagwa yote.

Sasa turudi kwenye sauti. Pampu nyingi za mashine hizi zina jozi mbili za gia. Zote mbili husukuma mafuta kabari inapokwenda bila mzigo; shinikizo linapofika kati ya paundi 500 na 900, kulingana na muundo, vali iliyo ndani ya pampu huitoa kazini jozi kubwa na kuiachia jozi ndogo ipasue. Pampu ya lita 42 kwa dakika ingehitaji nguvu za farasi zipatazo 16 kama ingetoa mafuta yote kwa shinikizo la 2,500, ilhali injini nyingi za mashine hizi hazifiki hata nusu ya hapo. Basi injini ikizimika kabari inapoligusa gogo, safisha kwanza kichujio cha hewa na kabureta, na kama haikubadilika, shuku kwamba vali hiyo ya ndani imekwama.

Injini isipolemewa hata kidogo na kabari ikasimama, shinikizo linapotea mahali. Funga geji ya shinikizo kati ya pampu na vali ya mkono, sukuma kabari hadi mwisho wa safari yake, usome. Silinda yenye kipenyo cha inchi 4 hutoa zaidi kidogo ya tani 14 kwa shinikizo la 2,500, lakini kwa 1,500 hutoa tani 8 na nusu tu. Geji ikisoma chini, pima sili za pistoni, yaani pete zinazozuia mafuta yasipite pembeni mwake: kabari ikiwa mbele kabisa na injini imezimwa, fungua mpira wa mafuta wa upande inakotokea fimbo ya pistoni, uzibe mpira huo kwa plagi ya chuma, weka chombo chini ya tundu la silinda, kisha washa injini na usukume mkono kama unayepasua kwa sekunde chache, ukiwa umejitenga na tundu. Mafuta yakitoka mfululizo, sili zimekwisha.

Silinda ikiwa nzima, fungua vali ya kupunguzia shinikizo, ile inayorudisha mafuta tenkini shinikizo likizidi, kwa kuwa chembe moja ya uchafu huweza kuizuia isifunge. Isafishe, irudishe, kisha kaza skrubu yake robo mzunguko kwa wakati mmoja huku ukitazama geji, bila kuvuka kiwango cha kifaa dhaifu kuliko vyote, iwe ni pampu, silinda au mpira. Kuikaza bila geji ni hatari, nami simshauri mtu yeyote kufanya hivyo. Geji ikigoma kupanda baada ya haya yote, hapo ndipo pampu inapostahili kubadilishwa, pamoja na filta na mafuta, ili chembe za chuma za pampu ya zamani zisiiharibu ile mpya.