SOMO: Kujitathmini mwisho wa mwaka kwa wafanyakazi wa NGO (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, kila ikifika Disemba inboksi yangu ni swali lile lile, "mradi unaisha Machi na CV yangu haina kitu, nifanyeje". Naandika hapa mara moja.

Mkataba wetu unafuata hela ya mfadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, miradi mingi ya afya ilisimama ghafla, na Julai mosi USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa. Nimeona watu wenye miaka mingi kwenye miradi wanarudisha laptopu, imeili ya ofisi inafungwa, na mkononi hawana hata karatasi ya kuonyesha walichofanya. Kwahiyo usisubiri tathmini ya bosi, ile ni ya ofisi, hii ni yako.

1. Tenga wikiendi moja, simu weka mbali.

2. Kusanya JD (maelezo ya kazi yako), mpango kazi na ripoti za robo mwaka.

3. Pitia mwezi kwa mwezi, andika ulichofanya, hata ambacho hakimo kwenye JD.

4. Tenganisha kazi yako na matokeo ya mradi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu anaandika "nilifikia kaya 12,000", wewe peke yako? Zile kaya zimefikiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, madereva, watendaji wa vijiji na hela ya mfadhili, sasa kwenye intavyuu ukiulizwa wewe hasa ulifanya nini unabaki "sisi tuli... sisi tuli...". Jibu maswali manne: hali ilikuwaje, mimi nilifanya nini, nini kikabadilika, nani anaweza kuthibitisha. Mfano: data za Kobo (programu ya kukusanyia data kwa simu) zilikuwa zinakuja na majina yanayojirudia, nikarekebisha fomu, nikakaa na wakusanya data tukafanya mazoezi, ripoti iliyofuata mfadhili hakuirudisha. Hiyo inashinda "nilisimamia M&E" (ufuatiliaji na tathmini).
ONYO: usijitumie orodha ya walengwa kwenye imeili yako binafsi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, jina la mtu anayeishi na VVU sio kielelezo cha CV yako.
ONYO la pili: usikuze namba, sekta hii watu wanapigiana simu.

5. Soma matangazo matano ya kazi unayoitaka, kinachojirudia na wewe huna ndio pengo lako.

6. Chagua mambo mawili tu ya mwakani, kila moja na mwezi wake.

MASWALI

Mkuu naomba templeti.
> Hatua ya 4, maswali manne. Yaandike kwenye daftari.

Mimi HR kashanijazisha fomu, si inatosha?
> Rudia aya ya pili. Fomu ya HR inabaki kwenye faili la ofisi, na wengi tunaijaza tukiogopa mkataba usiongezwe.

Mimi voluntia shirika dogo Shinyanga, nafanya kila kitu, barua za halmashauri, picha, ripoti, mpaka risiti. Nikiandika hivyo si nitaonekana sina ujuzi wowote?
> Dada swali zuri sana hili. Usiandike "kila kitu", panga mafungu: mahusiano na serikali, fedha, ripoti. Ile ripoti ya mwaka inayoenda kwa Msajili wa NGOs, kama unaiandaa wewe iweke juu kabisa, maana wapo maofisa wa mashirika makubwa hawajawahi kuigusa. Halafu angalia ni fungu gani ukilifanya muda unapita hujui, jenga hapo. Ukikwama kwenye kuandika nitumie nikusomee.

Naongezea wadau, mkiwa mnajitathmini chekini na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), mwajiri anakata kwako lakini hela haifiki, unakuja kujua mradi umeshafungwa.
> Kweli kabisa. Ile ni 20% ya mshahara kwa ujumla, yako na ya mwajiri, ulizia taarifa yako sasa wakati ofisi ya fedha bado ipo.

Na kama meneja ndiye aliyenikwamisha mwaka mzima, nani atathibitisha?
> Sio lazima meneja. Mganga mkuu wa wilaya uliyefanya naye kazi, afisa ustawi wa jamii, mhasibu wenu. Mwombe kabla mradi haujaisha, na uchukue namba yake binafsi, ya ofisi itazimwa.